Mpangaji Anayefuata

Katika studio ile kila mchoraji alikuwa na mtu wake. Si mtu wa kupendana naye, ingawa hayo nayo yalikuwepo na yaliwaponza wengi. Ni mtu wa kwenye karatasi. Anime, yaani katuni ya mtindo wa Kijapani, waliyokuwa wakiitengeneza iliitwa Nyumba ya Wapangaji. Ilikuwa hadithi ya mafumbo kuhusu jengo la zamani la ghorofa ambamo watu wanatoweka mmoja mmoja, na kila asubuhi waliobaki wanakaa mezani kunywa chai wakijifanya hawakioni kiti kilicho kitupu. Jamaa mmoja waliyemwita Ndevu alimchora daktari. Mama Pacha alimchora mjane wa chumba cha juu. Mwalimu, mzee aliyewafundisha karibu wote kushika penseli, alimchora tarishi mstaafu wa posta. Dada mmoja waliyemwita Macho alimchora mwenye nyumba, mwanamke mnene mwenye funguo kiunoni. Na mdogo wake Macho, ambaye hata pale kazini walimwita Kitinda kwa kuwa ndiye kitinda mimba wa kwao, alimchora mshonaji.

Mtu wako ni wako. Ukiugua homa, naye anakusubiri upone, maana hakuna mwingine aliyeruhusiwa kumgusa. Bosi, ambaye ndiye aliyekuwa mkurugenzi na mwandishi kwa pamoja, alishikilia kwamba mhusika akipita mikono miwili anakuwa maiti inayotembea. Hilo lilikuwa la kwanza. La pili ni kwamba hakuna aliyejua mwisho. Studio nyingine huandika hadithi nzima ndipo wachore. Huyu aliwagawia kurasa za sehemu moja tu, wakimaliza ndipo awape za sehemu nyingine.

"Mkimjua muuaji," alisema kwa ile sauti yake ya kubembeleza, "mtamchorea macho ya muuaji. Bora tuvumilie wote."

Wakavumilia, tena kwa furaha. Waliwekeana dau la soda juu ya nani mwovu. Bosi mwenyewe alikuwa mpole mpaka anakera. Akiingia ofisini alivua viatu na kuvaa kandambili laini za kitambaa, kwa hiyo hukumsikia akija. Unainua kichwa, yuko nyuma ya bega lako, anatazama mkono wako. Hakuwahi kumfokea mtu. Nami nakwambia, mkubwa asiyefoka ni wa kumwangalia mara mbili, lakini wao walimshukuru Mungu kwa ajili yake.

Ijumaa moja baada ya chakula cha mchana, alisimama karibu na meza ya Macho.

"Njoo mara moja, unitazamie kitu."

Alimpeleka kwenye chumba cha kutazamia, kichumba kisicho na dirisha, chenye kochi moja na skrini. Akamwekea kikombe cha chai. Kilichokuja kwenye skrini kilikuwa sehemu ya kwanza ikiwa bado mbichi kabisa: mistari ya penseli, hakuna rangi, hakuna sauti, wapangaji wanapanda na kushuka ngazi kimya kimya wakifumbua vinywa visivyotoa neno. Macho alisisimka mwili. Alikuwa ameijua kazi hii vipande vipande. Hakujua kwamba ikiungwa inatisha namna ile.

"Usifikirie," Bosi alimwambia taa ilipowashwa. "Mtazamaji wa nyumbani hafikirii. Nani amekukwaza macho?"

"Daktari," akajibu papo hapo. "Anapanda ngazi lakini miguu haina uzito. Anaelea."

Bosi akaitikia kwa kichwa polepole, akamshukuru. Na kusema kweli, Macho alitoka mle kifua mbele. Jina lake la utani alilipata kwa sababu ya jicho lake kali, na sasa jicho hilo lilikuwa limeitwa na mkubwa. Nani asingefurahi?

Jumatatu meza ya Ndevu ilikuwa imefutwa ikafutika. Taa yake haikuwepo, kiti kimegeuziwa ukutani. Mmoja akasema kapata kazi mahali pengine, mwingine akasema alikosana na Bosi. Kurasa mpya zilipogawiwa, mstari wa kwanza ulisomeka hivi: Asubuhi. Wapangaji wanakunywa chai. Kiti cha daktari ni kitupu. Watu wakaangaliana. Lakini ilieleweka, kama Ndevu hayupo, nani angemchora daktari? Wakamsifu Bosi kwa kugeuza mkosi kuwa hadithi.

Sehemu za mwanzo zikaonyeshwa kwenye televisheni, na watazamaji wakapagawa. Wakati wa mapumziko Kitinda alikuwa akiwasomea wenzake maoni kutoka kwenye simu, akibadilisha sauti kwa kila mwandikaji.

"Sikieni huyu. 'Anime za mafumbo nimeziangalia tangu shule ya msingi, na siku zote anayekufa unamjua mapema, kachorwa kama mpita njia. Hapa daktari alikuwa kipenzi chetu, halafu basi, hayupo! Sijui nimwamini nani.' Na huyu: 'Mwandishi hana huruma hata chembe. Namheshimu.'"

"Huruma anayo," Mwalimu akasema akipangusa makombo ya mkate kwenye ndevu zake nyeupe. "Ila akija kazini anaiacha nyumbani."

Wakacheka wote, Macho naye akacheka.

Ijumaa aliitwa tena. Safari hii alisema kwamba mjane anafumba macho vilevile kila mara, hana tofauti na mwanasesere wa dukani. Alisema bila kinyongo, maana Mama Pacha alikuwa rafiki yake. Aliamini akielezwa atarekebisha. Jumatatu alipoingia na kuikuta meza ya Mama Pacha nyeupe, alisimama palepale mlangoni. Hakuzisubiri kurasa. Alikwishajua kiti cha nani kitakuwa kitupu.

Alimfuata Bosi ofisini.

"Bosi, ni mimi niliyemwondoa Mama Pacha?"

Alitarajia akane. Watu wa namna hiyo hukana. Bosi alimvutia kiti, akamwambia ukweli wote kama mtu anayemwelekeza mgeni njia.

"Kituo cha televisheni kinataka tupunguze watu kila baada ya muda. Ningefanyaje, mwanangu? Niwapigie kura? Niulize nani ana watoto na nani hana? Hapo ndipo upendeleo unapoanza. Wewe hukujua unachochagua, kwa hiyo ulisema kweli. Hakuna aliyewahi kuondolewa kazini kwa haki kama wale wawili."

"Na hadithi?"

"Hadithi inamfuata anayeondoka. Watu wanashangaa kwa nini hawawezi kubashiri." Alitabasamu kidogo. "Hata mimi siwezi. Nangoja kama wao."

"Sasa nimejua. Siwezi kuingia tena mle."

"Unaweza kukataa. Nitamtafuta mwingine mwenye jicho. Wewe utabaki kuwa mtu wa kutazamwa." Akamsogezea chai. "Na mdogo wako pia."

Macho alitoka. Angeweza kusimama katikati ya ukumbi akawaambia wote. Alifikiria kufanya hivyo, tena sana. Lakini angeanzia wapi? Angeanza na "Ni mimi niliyewamwagia unga Ndevu na Mama Pacha," na baada ya sentensi hiyo nani angemsikiliza? Aliona haya. Na chini ya haya kulikuwa na hofu, na hofu hiyo ilikuwa na sura ya mtu.

Ilikuwa sura ya shemeji yake. Kitinda alikuwa ametoka kwa mumewe na mfuko mmoja na mtoto wa kike mgongoni, kifundo cha mkono wa kulia kimevimba, akisema ameanguka bafuni. Mfupa uliunga, lakini uliunga vibaya. Sasa aliishi kwa mama yao, na mama yao, ambaye si mtu mbaya ila anaogopa maneno ya majirani kuliko moto, alikwishatoa hukumu yake.

"Maadamu ana kazi, akae," alimwambia Macho jikoni. "Mtu anayejilisha na kumlisha mwanawe hana wa kumfukuza. Lakini kazi ikimwisha, arudi kwa mwenzake wakaelewane. Mimi sina nguvu ya kuanza kulea upya."

Na yule bwana alilijua hilo. Kila Jumapili alikuja na mfuko wa matunda, akaketi kwenye kochi kubwa la sebuleni, miguu kaikunja vizuri.

"Sina haraka, shemeji," alimwambia Macho kwa adabu zote. "Namsubiri mwenzangu achoke."

Kitinda alijibanza chumbani na mtoto mpaka aondoke. Akitoka, alikuwa na kazi ya kuusugua mkono wake, anausugua tu, bila kujua kwamba anausugua. Siku nyingine za wiki alikuwa mtu mwingine kabisa: anaimba, anatania, anaamka mapema kuwahi meza yake. Macho aliapa kimoyomoyo kwamba meza ile haitafutwa yeye akiwa hai.

Ijumaa ikafika. Skrini ikawaka. Mshonaji alikuwa amekaa dirishani, anatunga uzi kwenye sindano, na Macho hakuhitaji kufikiri wala kukodoa macho. Vidole vilikuwa vigumu. Mstari wa kifundo ulitetemeka na kukatika, ukaanza upya mahali pasipo pake. Hapakuwa na kitu kibaya zaidi ya hicho katika sehemu nzima, na mtoto wa shule angekiona. Hata sasa yule bwana alikuwa anauvunja mkono uleule, tena akiwa amekaa zake kwao.

Baadaye alipita tarishi, mtu wa Mwalimu. Alishuka ngazi akiwa na barua ambayo hana wa kumpelekea, akasimama kidogo, akaendelea. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote. Unaiona ile shingo iliyoinama, unajua mzee huyu amezika mke.

Taa ikawashwa.

"Nani amekukwaza macho?"

Macho alitazama chai.

"Tarishi."

Bosi alikuwa ameiona picha ileile, na hakuwa kipofu.

"Tarishi ana nini?"

"Mkono umezeeka. Anajirudia."

"Hayo ndiyo maoni yako ya kwanza?"

"Ndiyo ya kwanza."

"Haya," Bosi akasema, na sauti yake ilikuwa na upole kuliko siku zote, karibu na upendo. "Tarishi, basi."

Mwalimu hawakumfuta kama wale wengine. Kwa heshima ya umri wake walimwacha aje Jumatatu kukusanya vitu vyake mchana kweupe, na hiyo ndiyo iliyokuwa mbaya zaidi. Ukumbi mzima ulivaa miwani ya mbao. Alifunga penseli zake kwenye kitambaa, akapanga vifutio, kisha akaja mpaka meza ya Macho.

"Nimeambiwa mkono wangu umechoka," alisema. "Labda ni kweli, mtu hajioni mwenyewe. Wewe nakuamini. Umeona hivyo?"

Hakuwa anamshtaki. Alikuwa anauliza, kama mgonjwa anavyomuuliza daktari. Macho aliinamia karatasi yake.

"Sijui, Mwalimu."

"Wewe hujui? Basi hakuna anayejua."

Akampigapiga bega, akaenda. Kitinda alimbebea boksi mpaka nje ya geti, akarudi macho mekundu, akajitupa kwenye kiti.

"Hivi Bosi anachaguaje, Dada? Mtu kama Mwalimu! Wewe ukiingia mle ndani na yeye mnaongea nini?"

Hapo ndipo alipopaswa kusema. Walikuwa wawili tu pembeni, hakuna aliyekuwa akisikiliza. Lakini Kitinda alikuwa akimtazama kwa ile imani ya tangu utotoni, imani ya mtoto wa mwisho kwa dada aliyemfunga kamba za viatu, na Macho hakuweza kustahimili kuiona imani hiyo ikizimika.

"Mambo ya ofisi tu," akasema. "Chora kazi yako."

Sehemu ile ya kutoweka kwa tarishi ilipoonyeshwa, watazamaji walilia. Waliandika kwamba ndiyo bora kuliko zote, kwamba hawajawahi kuona kiti kitupu kikiuma hivyo. Kitinda hakuwasomea wenzake maoni siku hiyo. Walikula tu, kila mmoja akihesabu kwa macho meza zilizobaki huku akijifanya anatafuta chumvi.

Macho hakuweza tena kuchora. Mwenye nyumba, aliyekuwa akimtoka mkononi kwa urahisi kama kuandika jina lake, sasa aligoma. Sura ilimjia imevimba, macho yamepishana. Funguo zilining'inia kiunoni bila uzito. Alifuta akachora, akafuta, mpaka karatasi ikatoboka, na siku ya kukabidhi ikafika akakabidhi vilevile ilivyo. Usiku hakuwa akilala. Akifumba macho anamwona Mwalimu akifunga penseli. Alijipa moyo kwamba angalau mlango wa kile kichumba anaufungua yeye. Akiendelea kukalia kochi lile, Kitinda atapona, hata kama kila mara itabidi amtoe kafara mwingine. Alikwishaanza kumfikiria mtu wa wiki hiyo, kijana mmoja wa pembeni mwenye maringo ambaye hakuna wa kumlilia. Aliposhtuka na kujikuta anapima nani atamlilia nani, alijichukia kwa dhati.

Ijumaa, baada ya chakula cha mchana, hakuzisikia kandambili. Aliliona tu jicho la jirani yake likiinuka. Bosi alikuwa nyuma ya bega lake, anatazama karatasi iliyotoboka. Macho akasukuma kiti ainuke.

"Hapana, mwanangu, kaa," Bosi akasema. "Macho yako yamechoka, na wewe unajua. Mara ya mwisho uliniambia kitu ambacho hukukiona." Akaigeukia meza ya pili. "Kitinda, njoo mara moja, unitazamie kitu."

"Mimi?" Kitinda alijishika kifuani, uso ukamchanua. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Mwalimu aondoke. "Kutazama nini?"

"Sehemu ya wiki hii, ikiwa mbichi. Utaniambia maoni yako ya kwanza."

"Kumbe ndicho mnachofanya mle!" Alimgeukia Macho, nusu anacheka nusu analaumu. "Dada, kutazama tu na kusema? Mbona ulinificha kitu kizuri hivi?"

Macho alimshika mkono wa blauzi. Penseli zote ukumbini zilikuwa zimesimama. Maneno yalikuwepo, yamejipanga kabisa: usimtaje mtu yeyote humo ndani. Lakini mdogo wake angeuliza kwa nini, palepale, kwa sauti yake ile isiyojua kunong'ona, na jibu la kwa nini lilikuwa ni Mwalimu. Bosi alisubiri. Hakumharakisha, hakukunja uso. Alikuwa amesimama tu na kikombe cha chai mkononi kama mtu mwenye siku nzima.

"Nini, Dada?"

"Hakuna," Macho akasema. "Tazama vizuri."

"Ondoa wasiwasi, sitakuaibisha." Kitinda aliinama akamnong'oneza, na hata mnong'ono wake ulisikika mpaka mlangoni. "Nitasema kweli tupu. Hata nikiona ni wewe umeharibu, nitakutaja, ili Bosi akupe nafasi urekebishe. Si bora hivyo kuliko kufichana?"

Akapokea kikombe kwa mkono wake mbovu, akakihamishia kwenye ule mzima, akaingia. Mlango ukafungwa.

Macho alibaki na funguo zake zisizo na uzito. Meza ya mdogo wake ilikuwa salama. Hilo alilokuwa akilitaka alilipata, na hakuna wa kumnyang'anya. Jumatatu Kitinda ataingia, ataikuta meza ya jirani nyeupe na kiti kimegeuziwa ukutani, na atakaa hapo akijiuliza amefanya nini. Hatachukua muda mrefu. Ana akili. Akishajua alichokifanya yeye, atarudi nyuma hatua moja tu na kumkuta Mwalimu, na atajua nani alimtaja na kwa ajili ya nani, na kila asubuhi atakayokaa pale kuchora atakuwa amekalia kiti hicho cha mzee. Atakikalia vilevile, kwa sababu ya Jumapili na ule mfuko wa matunda.

Nyuma ya mlango picha ilikuwa inaendelea bila sauti. Kisha mstari wa mwanga ukatokea chini ya mlango, maana taa ilikuwa imewashwa. Bosi aliuliza swali lake. Macho hakulisikia, ila alilijua. Mdogo wake hakusita hata kidogo.

"Mwenye nyumba," akasema.